Kamera Inayofuata Jicho

Asubuhi hiyo nilifika kwenye geti la kiwanda cha nguo pale Athi River, nikaliona, nikalipita. Sikuwa nimepanga. Vibarua wenzangu walikuwa wamejipanga ukutani, mikono makwapani kwa baridi ya Julai, wakingoja msimamizi atoke kuchagua wa kuingia na wa kurudi nyumbani. Mmoja akaniita, "Wewe! Laini iko huku!" Nikampungia mkono kama mtu anayejua anakokwenda, nikaendelea hadi mahali ambapo malori ya mchanga hupita yakiwa matupu, yakirudi mitoni kujazwa tena.

Kwa nini siku hiyo hasa, sijui. Nimekuwa hivi tangu utotoni. Shule niliiacha mapema, na karo haikuwa sababu pekee. Dirisha la darasa lilitazama barabara. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi fupi. Nimeosha magari, nimebeba matofali Syokimau wakati zile nyumba mpya zikiota kila upande, nimekata nyuzi za suruali zinazokwenda kuvaliwa ng'ambo. Watu wa mahali wakianza kunijua kwa sauti, naona kama shati linanibana shingoni.

Chini ya koti nilikuwa nimevaa kamera. Ndiyo mali pekee iliyokuwa imekaa nami zaidi ya msimu mmoja. Niliipata kwa muuza vyombo kuukuu, katikati ya redio na pasi, naye hakujua lolote kuihusu zaidi ya kwamba ni kamera. Ilikuwa ya filamu, mojawapo ya zile za mwisho kutengenezwa kabla dunia haijahamia kwenye simu. Nyeusi, nzito, ina vitufe vingi kuliko redio. Nilitafuta kitabu chake cha maelezo kwenye simu, kikawa cha Kiingereza, nikakisoma jioni baada ya jioni. Neno lililonishinda nililifuata mpaka nikalikamata.

Mambo niliyoyakuta humo yalinikosesha usingizi. Kamera hii husoma yenyewe vile vimraba vya rangi ya fedha ubavuni mwa mkebe wa filamu, ikajua ni filamu ya nguvu gani. Huivuta filamu yenyewe, na ikifika mwisho huirudisha yenyewe mkebeni, motor ikinong'ona. Hupima mwanga sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Inajilenga yenyewe pia. Bonyeza kitufe nusu tu, na lenzi itakimbia mbele na nyuma mpaka kitu unachokitaka kionekane wazi, na isipokipata haitapiga picha hata ukikibonyeza kitufe mpaka kidole kianze kuuma.

Lakini lililonishika roho ni jicho. Ukichungulia kwenye kile kitundu, unaona vidoa vidogo vingi vimepangwa katikati kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kila kidoa ni mahali ambapo kamera inaweza kulenga. Kamera nyingi nilizosikia, unachagua kidoa kwa kidole. Hii, unakitazama tu. Ndani ya kitundu kuna vitaa visivyoonekana vinavyomulika jicho lako, na kamera husoma jicho limegeukia wapi. Kidoa unachokitazama kinawaka chekundu, na lenzi inakimbilia hapo.

Inabidi kuifundisha kwanza. Unaweka gurudumu kwenye namba, moja hadi tano, kwa hiyo watu watano wanaweza kukaa ndani yake. Kidoa cha upande kinapepesa, unakitazama, unabonyeza. Kinapepesa cha upande wa pili, unakitazama, unabonyeza. Namba moja niliikuta ina mtu tayari. Sijui ni nani. Sikumfuta. Mimi nilijiweka namba mbili, chumbani kwangu, chini ya balbu.

Hapo kwenye balbu ndipo balaa yangu ilipoanzia, ila asubuhi hiyo sikujua.

Dereva wa lori alinipakia bila maswali mengi. Baada ya Machakos mjini, tulipoanza kuteremka kuelekea kwenye joto, alilitazama koti langu mara ya tatu au ya nne.

"Kijana, hapo tumboni uko na nini? Kama ni bunduki, mimi niko na watoto."

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka lori likayumba. "Kumbe ni kamera! Na unaificha hivyo? Mimi nimeendesha tangu mlima nikiomba Mungu."

Akanishusha mahali ambapo njia ya mtoni inaachana na barabara ya Mwala. Jua lilikuwa limepanda. Vumbi jekundu, mbuzi, punda wawili na mkokoteni wa mitungi ya maji. Nilikuwa nimesimama pale, nikijiuliza swali ambalo hunijia kila mara saa kama hiyo, kwamba sasa nimefanya nini, wakati pikipiki iliposimama mbele yangu.

"Niaje! Si ni wewe wa picha?" mwenye boda boda akasema. "Panda haraka, wazee washakasirika."

"Mimi si..."

"Panda, bro. Mbuzi zinaanza kulia."

Ningeweza kukataa. Lakini udadisi wangu ni ugonjwa, nikapanda.

Kwenye lango la boma alikuwa amesimama mzee mwenye suti ya kahawia iliyokunjwa kwa miaka, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuwa anatazama barabarani kama mtu anayesubiri daktari. Nilimwambia ukweli kabla sijashuka. "Mzee, samahani, mimi si yule mliyemuita."

"Uko na kamera?"

"Niko nayo."

"Basi wewe ndio yule." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho baridi. "Yule wetu simu yake haiingii tangu jana. Niokoe, kijana."

Pale langoni, kwa haraka na kwa sauti ya chini, akanieleza. Pale palikuwa nyumbani kwa kina mkewe. Alikuwa ameleta ntheo. Ntheo ni mbuzi ambao mwanamume wa Kikamba hupeleka kwa kina mke. Kabla hawajapokelewa, hata mkizaa na kujenga na kuzeeka, bado mwanamke ni binti ya watu unayekaa naye tu. Wao walikuwa wamezaa na kujenga na kuzeeka. Kila mwaka kulikuwa na kiangazi, au karo, au msiba. Baba mkwe alikufa akiwangoja mbuzi hao. Na sasa mkewe alikuwa amepewa siku ya kupasuliwa hospitalini, Alhamisi, na alikuwa amemwambia jambo moja: sitaingia kwa hicho kisu kama mtu asiye na kwao. Nikifia huko bila ntheo, utanizika kama nani?

"Kaka yake ndiye anasimama kwa niaba ya baba," mzee akasema. "Hataki. Amekubali kutuketisha, lakini anatafuta neno. Akipata neno moja tu atasema turudi Desemba." Akatazama nyuma, uwanjani. "Na mama watoto anataka picha ya karatasi. Ya simu hataki. Anasema ya simu inakufa na simu. Anataka aione ukutani kabla ya Alhamisi."

Nikaangalia kidirisha cha juu cha kamera. Filamu ilikuwa imebakiza picha tatu. Na alama ya betri, ambayo nilipoondoka chumbani ilikuwa imejaa nusu, sasa ilikuwa inapepesa. Betri yake si ya kununua dukani kwa muuza sukari. Hata Machakos mjini ningetafuta siku nzima.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Mzee alikuwa ameshanivuta ndani.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Upande mmoja walikaa watu wa mume, upande wa pili watu wa boma, na katikati mbuzi watatu wamefungwa kwenye mti wa mbaazi, wanautafuna. Kaka alikuwa amesimama. Mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, kofia ya manyoya na bakora. Hakunisalimu. Alinitazama kuanzia viatu kupanda juu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye wa picha? Anafanana na mtu ametoroka kazi."

Watu wakacheka. Mimi nikahisi masikio yanawaka, maana alikuwa hajakosea.

Dada yake alikuwa ameketi kwenye kiti kilichotandikwa leso, mbele ya mlango. Mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mkono mmoja umeshika upande wa tumbo kama mtu aliyebeba kitu ndani ya nguo. Alinitabasamia. Nikaapa moyoni kwamba picha hiyo itatoka.

Nikainua kamera kujaribu. Nilimtazama yeye, naapa nilimtazama yeye. Lakini kaka alipiga bakora chini, jicho langu likaruka, mbuzi mmoja akatikisa masikio, na kidoa chekundu kikawaka juu ya mbuzi. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Motor ikavuta. Zikabaki mbili, na moja ya zilizokwisha ilikuwa picha nzuri sana ya pua ya mbuzi.

Mwanamke mmoja wa upande wa boma aliona lenzi ilikoelekea. "Huyo ndiye bibi harusi?" akauliza. "Basi mimi naweza kuolewa pia."

Nikaelewa tatizo langu ni nini, na kulielewa kukanizidishia hofu. Kamera inafuata jicho, na jicho langu halijawahi kukaa mahali. Lilikuwa kwenye bakora, kwenye lango, kwenye alama ya betri, kwenye njia niliyokuja nayo. Halafu kulikuwa na jua. Niliifundisha jicho langu chini ya balbu, usiku, mboni ikiwa imefunguka kama mlango. Hapa kwenye mwanga mkali mboni ilikuwa imejifunga ikawa tundu la sindano. Kamera haikunijua.

Kaka akanyanyua bakora. Nilikuwa nimeambiwa saa ya picha ndiyo hiyo: binti anaulizwa mbele ya wote, na jibu lake ndilo linalowapokea mbuzi au kuwarudisha. Mume alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono imelala kando, hajui aiweke wapi.

"Dada," kaka akasema, polepole. "Mbuzi hawa umewaona. Miaka umeihesabu mwenyewe. Tuwapokee?"

Nikabonyeza nusu. Alama ya jicho ikapepesa: haijaelewa. Lenzi ikakimbia mbele, ikarudi nyuma, ikakimbia tena, zzz, zzz, kila mkimbio ukila betri. Dada akavuta pumzi ajibu. Nikabonyeza mpaka mwisho. Hakuna. Nikabonyeza tena. Na ndipo nikasema, kama tunavyosema sote kila siku kwa simu, kwa stima, kwa gari, kwa bomba la maji, nikasema tena kwa sauti kubwa kwa sababu ya hofu:

"Imekataa!"

Herufi ya kwanza sijui ilipotelea wapi. Pengine niliimeza. Pengine upepo. Nilichosikia ni sauti ya mtu wa nyuma kabisa, upande wa boma, akiuliza, "Amekataa?" Halafu mwingine karibu naye, sasa si swali tena: "Amekataa." Halafu likaja mbele safu kwa safu, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, mpaka likamfikia kaka kama kitu alichokuwa amekiagiza.

Akateremsha bakora. "Basi," akasema. "Mmesikia wote."

"Wamesikia nini?" dada akasema. "Mimi hata mdomo sijafungua!"

"Neno limeshasemwa ndani ya boma ya baba. Sikulisema mimi." Akageuka kwa watu wa mume. "Muthoni, mkwe wetu, chukueni mbuzi zenu. Tutaonana Desemba, ukoo wote ukiwepo."

Sijawahi kuona uso ukianguka kama wa yule mzee wa suti. Hakunitazama hata kwa hasira. Alitazama chini, kwenye mistari ya ufagio. Dada alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili sasa. Na mimi nilisimama pale na chuma shingoni, miguu yangu yote miwili ikiniambia lango liko wapi.

"Ni kamera, mzee!" nikapiga kelele. "Sikusema a-mekataa. Nimesema i. I-mekataa. Kamera!"

"Mimi nimesikia a," akasema mtu wa nyuma.

"Ni i."

"Hawa wa Athi River," yule mwanamke wa utani akasema, "Kiswahili yao imejaa vumbi ya simiti. Hata i haitoki."

Watu wachache wakacheka, na kicheko hicho kilinipa pumzi. Kaka hakucheka. Akanijia mpaka kofia yake ikanikinga jua.

"Sawa. Ni kamera. Sasa kamera kubwa namna hii, imemuona dada yangu na huyu bwana, imeona nini mpaka ikakataa?"

"Haikukataa wao. Imekataa mimi."

"Wewe?"

"Hailijui jicho langu kwa jua." Nikamweleza, nikikwaa maneno. Vidoa, vitaa, jicho, balbu. Nilipokuwa naeleza niliona kitu kikibadilika usoni mwake, kitu ninachokijua kwa sababu ninacho. Alikuwa amesahau kukasirika. Alikuwa anataka kujua.

"Unaniambia mashine hii inajua mahali mtu anaangalia?"

"Ikifundishwa."

"Uongo."

"Chungulia, mzee."

"Ukinidanganya mbele ya watu, utarudi kwenu kwa miguu." Akampa mtu bakora, akavua kofia. Nikaweka gurudumu kwenye namba tatu, nikamsaidia kuinua kamera, nikasimama ubavuni mwake kama ninayemshikia mtu ngazi. Nikamwambia mwanga alio nao sasa ndio utakaotumika, asihame. "Kuna kidoa kinapepesa upande wa kulia. Unakiona?"

"Nakiona. Ni kama kimulimuli."

"Kitazame hicho hicho. Bonyeza. Sasa kuna kingine kushoto."

Alikuwa na jicho tulivu ajabu. Halikupepesa hata mara moja. Kamera ilimkubali mara ya kwanza, wakati mimi chumbani kwangu ilinichukua jioni mbili.

"Sasa tazama kitu chochote, ubonyeze nusu tu. Nusu, mzee."

Lenzi ikazunguka kidogo, ikatulia, ikalia mlio mdogo wa ndege. "Mbuzi!" akasema. "Imewaka juu ya mbuzi! Nilikuwa naangalia mbuzi!" Akageuka. Mlio. "Mti." Mlio. "Huyu," akasema, na lenzi ilikuwa imemwelekea mzee wa suti. Alikaa hapo kitambo kirefu kidogo, kidole nusu. "Kumbe umezeeka, muthoni," akasema kutoka nyuma ya kamera. "Nilikuwa nakuona kila Krismasi sikuona."

Mimi nilikuwa natazama alama ya betri, ikipepesa haraka zaidi, nikijua kila mlio unaila, na siwezi kumwambia afanye haraka.

Alikuwa amelenga kila kitu isipokuwa dada yake. Alizunguka uwanja mzima mpaka ikabaki kiti kile tu, na leso, na mlango. Lenzi ikaja hapo. Ikakimbia, ikarudi, ikakimbia. Nikafumba macho. Nikasikia mlio.

"Imekubali," akasema. Polepole kabisa, kwa nafsi yake.

"Umesemaje?" dada akauliza.

"Nimesema imekubali."

"Basi na mimi nimekubali," dada akasema upesi, akasimama, mkono tumboni. "A, sio i. Mmesikia huko nyuma? Pokeeni mbuzi."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa yule mwanamke wa utani, kikali kama filimbi, na kaka akashtuka. Kidole kilizama mpaka chini kikakaa huko. Kamera hii ukishikilia kitufe haingoji uamue. Ilipiga, ikavuta, ikapiga tena. Picha mbili za mwisho zilikwenda kabla mtu hajajua. Halafu, kwa kuwa filamu ilikuwa imefika mwisho, motor ikaanza kuirudisha mkebeni. Nikaisikia ikinong'ona ndani ya vigelegele, ikipunguza sauti, ikipunguza, kama mzee anayepanda mlima. Ikanyamaza.

Niliijua sauti ya motor iliyomaliza kazi. Hii haikuwa hiyo.

"Imelala?" kaka akauliza, akinirudishia.

"Imechoka," nikasema.

Filamu ilikuwa imekwama mwanzoni tu mwa kurudi, karibu yote bado nje ya mkebe, nyuma ya mlango mwembamba wa plastiki. Picha za mwisho zilikuwa mdomoni mwa mkebe, hazijaingia. Mlango huo ukifunguka kidogo tu, mwanga ungeziosha zote. Nikaivaa kamera chini ya koti tena, nikaikumbatia. Mbuzi mmoja alichinjwa, nyama ikaletwa kwenye majani, na pombe ya kaluvu kwenye vibuyu, na kila mtu alinisukumia kipande akiniita mtu wa picha. Nilikirudisha kwenye majani. Watoto walikuwa wanavuta mkanda wa kamera waione. Nikawafukuza kwa ukali mpaka mama mmoja akanitazama vibaya.

Jioni ilipokaribia, dada aliletwa kuniaga. Aliketi kwenye pikipiki kwa upande, mumewe nyuma akimshikilia, kwa mara ya kwanza mbele ya watu mikono yake ikijua pa kukaa.

"Nitaiona kabla ya Alhamisi?" akaniuliza.

"Utaiona, mama."

"Hata kama nimetoka nimefunga macho, usiitupe."

"Hukufunga," nikasema. Sikuwa najua. Siku hiyo yote, huo ndio uongo pekee niliousema kwa makusudi.

Nikajiandaa kuondoka na pikipiki ya mwisho. Kaka akanishika koti.

"Wewe unabaki."

"Mzee, niende nikatafute..."

"Mimi nimeishi na mashine za kusaga mahindi maisha yangu yote. Najua motor ikimaliza na motor ikifa. Ile ilikufa." Akanitazama. Tulikuwa peke yetu, moshi wa nyama bado unaelea. "Picha ya dada yangu iko wapi?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea bakora. Badala yake alinipeleka kwenye chumba cha mwanawe anayefanya kazi Syokimau, chumba cha matofali na mabati kilichojitenga, chenye kitanda, magunia mawili ya mbaazi na kalenda ya zamani. Akafunga dirisha, akaziba nyufa kwa gunia, bila kuambiwa.

"Betri ikikufa haifi yote," akasema. "Inabaki na kidogo. Ya tochi yangu huwa naiweka kwapani, ikipata joto inaamka."

Nikatoa betri. Ilikuwa baridi, joto la mchana lilishatoroka na Julai imerudi. Akaiweka kwapani, chini ya koti na sweta, akaketi kwenye gunia, mkono umebanwa ubavuni kama mtu anayepimwa homa. Mimi niliketi kitandani na kamera mapajani. Aliuliza namba moja ni nani, nikasema sijui, ni mwenye kamera wa kwanza. Akauliza kama huyo mtu akichungulia leo itamjua. Nikasema itamjua. Akatikisa kichwa.

Wakati huo nikakumbuka kitu kilichonikata maini. Upande wa kushoto wa kamera kuna swichi ya kuizima ile sehemu ya jicho. Ukiizima unachagua kidoa kwa kidole, kama kamera nyingine zote, hakuna jua wala balbu. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi hiyo wakati wote. Hofu ilikuwa imeifuta kichwani. Sikumwambia. Ningeanzia wapi?

"Sasa," akasema.

Akanipa betri ikiwa na joto la mwili wake na harufu ya moshi. Nikaisukuma ndani, nikafunga, nikabonyeza kile kitufe kidogo cha kurudisha filamu. Kwanza kimya. Halafu motor ikaanza, chini kabisa, kama mtu anayevuta gunia kwenye sakafu. Kaka alikuwa ameshuka kwenye gunia, amepiga magoti, sikio karibu na kamera. Motor ikapungua. Ikapungua tena. Mkono wake ukanishika goti, ukakaza mpaka nikaumia, na sikuusogeza. Halafu sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, ya kitu kilichoachiliwa, na ikakata.

Hiyo niliijua.

Nilifungua mlango wa nyuma. Ndani palikuwa wazi, pakavu, na mkebe umelala upande, ulimi wote wa filamu umeingia. Kaka akaunyanyua kwa vidole viwili.

"Hii ndio yeye?"

"Ndio yeye. Kesho naipeleka mjini ikaoshwe."

"Tunaipeleka," akasema. "Nimepiga mimi." Akaugeuza mkebe, akautikisa sikioni. "Naweza kulala nayo?"

"Unaweza. Ila usiifungue."

"Hata kuangalia kidogo?"

"Hata kidogo, mzee."

Akautia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. Akatoka, akarudi na blanketi zito la mistari, akalitupa kitandani kando yangu. Pale mlangoni akasimama.

"Na ile namba tatu," akasema. "Usimweke mtu mwingine hapo mpaka dada atoke hospitali."

"Sitaweka."

"Viatu acha ndani. Mbwa wetu huwa wanabeba."

Nikavua viatu, nikavisukuma chini ya kitanda, mbali kabisa, mahali ambapo asubuhi ningelazimika kuinama kuvitafuta.